Ushindi wa Garland

Odessa alikuwa ametoka zamu ya hospitali, na alichotaka ni kusinzia tu ndani ya basi la barabara ya Woodward, Detroit. Lakini wazee wawili waliokaa ng'ambo yake, waliofahamiana dakika kumi zilizopita, walikuwa wamesharudi kwa maneno mwaka 1970, enzi vijana walipokuwa wakishindana kwa magari barabara hiyohiyo.

"Gari langu lilikuwa na silinda nane, bwana. Likinguruma, vioo vya maduka vinatetemeka," alisema Verlin, mwenye mkongojo.

"Mimi sikuwahi kushindwa hapa," akajibu Garland.

Odessa akaguna moyoni. Detroit nzima alikuwa hajakutana na mzee aliyewahi kushindwa. Labda walikuwa wakishindana na miti.

"Ngoja!" Verlin akamkodolea macho. "Wewe si yule wa gari la bluu? Ulinipita kwa wizi! Uliondoka taa ingali nyekundu!"

"Mimi? Thubutu! Ulishindwa, kaka, kubali tu. Miaka hamsini yote unanuna?"

Basi likasimama kwenye taa nyekundu. Wazee wakakaza macho mbele. Odessa akatazama chini.

Mguu wa Verlin ulikuwa umetulia, unasubiri. Wa Garland ulikuwa umeshakandamiza sakafu mpaka mwisho, kama pedali ya mafuta.