Nzi katika Picha za Dada Yetu

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, tumbo moja, na ukoo umenituma niwasomee maisha yake kwa ufupi na kwa adabu, ufupi nitajitahidi.

Dada alizaliwa tarehe 9 Machi 1971, kifungua mimba wa fundi cherehani na mkunga, akasoma shule ya msingi mtaani kwetu, ambako alichapwa mara kwa mara kwa kuchora mapera kwenye daftari la hesabu. Mwaka 1990 alijiunga na chuo cha sanaa, akawapenda wachoraji wa kale waliochora vitu vya mezani huku wakificha maneno ndani yake, na kila likizo alitufundisha kwamba mshumaa uliozimwa ni uhai uliokatika, ndimu iliyomenywa nusu ni uzuri wenye ukali ndani, na nzi juu ya tunda ni kuoza kulikokwisha kuanza. Mama alimjibu kwamba nzi ni nzi, fukuza.

Alianza kufundisha sekondari mwaka 1994, na tarehe 14 Desemba 1996 aliolewa na fundi seremala, wakajaliwa binti na mvulana, ambao wako hapa mbele. Seremala huyo, ambaye leo yuko mahabusu, alianza kumpiga kabla zawadi za harusi hazijamalizika kufunguliwa, akamvunja mkono, akamng'oa meno, akamchoma kwa pasi, na kila alipopata nafuu dada alichora meza safi, tunda zuri, na juu ya tunda nzi mmoja. Fremu alizitengeneza mume mwenyewe, kwa mbao ngumu, akazitundika sebuleni na kukaribisha wageni chini yake. Siku moja alimvamia nzi wa pichani kwa kandambili, turubai likachanika, sote tukacheka hadi machozi, isipokuwa dada.

Tarehe 6 Juni mwaka huu walimu wenzake walimwandalia maonyesho, na mgeni mmoja alipouliza nzi hawa wana maana gani, dada alijibu kwa sauti ya darasani kwamba kila nzi ni kipigo, na aliyepiga ndiye aliyetengeneza fremu. Watu wote wakamgeukia seremala, bilauri ya juisi mkononi. Jioni ile ile alimpasua dada kichwa kwa nyundo, na tarehe 8 Juni dada akafariki hospitalini. Upande wa mume wameniomba niseme aliteleza bafuni. Ndugu zangu, bafu halishiki nyundo.

Tunawashukuru madaktari waliomshona mara zote hizo na kupigania roho yake hadi mwisho, walimu wenzake, na majirani waliovunja mlango jioni ile kumtoa. Na ninyi majirani mliozoea kuongeza sauti ya redio, asanteni kwa kuja, tumewaona.

Picha iliyo juu ya jeneza ndiyo ya mwisho, haina fremu na hatutaitia, ni chungwa moja tu lisilo na nzi, maana dada alikwisha kupanga chumba cha kuhamia yeye na wanawe. Binti yake amesimama kando ya picha hiyo tangu asubuhi na kitambaa mkononi, nawaomba msimwambie akae, anafukuza nzi wasitue.

Dada, wewe pumzika. Hiyo amani tuachie sisi tuipiganie.