Sponji wa Redio Mbili

Kijiwe chetu hakina benchi, kina kochi. Ni kochi refu la watu wanne, mbao zake imara, sponji yake nene, ila halijavishwa kitambaa. Limekaa uchi hivyohivyo mbele ya kibanda cha fundi makochi, pale lami inapoishia na njia ya kuteremka bondeni inapoanza. Fundi mwenyewe tunamwita Sponji. Alituachia tulikalie tangu mwaka juzi, na hajawahi kutuambia kwa nini haliuzi. Mimi ni kinyozi, kibanda changu kinatazamana na chake. Jioni ninayotaka kuwasimulia, jua lilikuwa limelegea, vumbi limesimama hewani halitaki kushuka, na Mama Birika anamimina kahawa taratibu kama anayeogopa kumwamsha mtu. Sponji alikuwa hajafika. Antena, fundi wetu wa redio, alikuwa amepakata redio isiyo na kava, nyaya zote nje. Pembeni yake amekaa Itifaki, mzee aliyestaafu ofisi za serikali akaondoka na koti. Taarifa ya habari ikaanza, na katikati yake tukamsikia Sponji.

«Nashukuru sana, daraja limejengwa, sasa tunavuka.»

Ikafuata ngoma ya furaha.

— Mmesikia? Itifaki akapiga paja. Mwananchi ameshukuru! Kwa kinywa chake, hakulazimishwa na mtu.

— Subiri kidogo mzee, akasema Antena.

Akasogeza mshale wa redio, kidogo tu, kama anamtoa mtu kibanzi jichoni. Redio ya Taifa ikapotea, ikaingia ile tunayoiita ya Ng'ambo, inayotangaza kwa lugha yetu kutoka nchi ambayo hakuna mmoja wetu aliyewahi kufika. Nayo ilikuwa na Sponji.

«Taa hakuna. Upande mmoja hauna ukingo. Mtu anaweza kuanguka.»

Sauti ni ileile, na hata kile kikohozi chake kidogo kimo. Ikafuata sauti ya upepo, ya huzuni kweli, nami nawaapia siku aliyorekodiwa hapakuwa na upepo.

Niwaeleze. Siku chache nyuma lilifunguliwa daraja la miguu la bondeni. Wakubwa walipokwisha kukata utepe, waandishi wawili walimwona Sponji amesimama peke yake pale mwanzo wa daraja, wakamwendea pamoja. Mmoja alikuwa wa Redio ya Taifa, mwingine wa Ng'ambo. Wakamwekea vipaza sauti viwili mdomoni kwa wakati mmoja, akaongea mara moja tu. Nilikuwa nyuma kwenye umati, sikusikia alichosema. Niliona tu kwamba aliongea kirefu, na mwishoni alijifuta uso.

— Sasa Sponji ni yupi? akauliza Mama Birika. Anayeshukuru au anayelalamika?

— Anayelalamika, akasema Antena. Ile ya kwanza ni propaganda, mama. Redio ya serikali, mshahara wa serikali, hata kiti anachokalia mtangazaji ni cha serikali. Debe tupu haliachi kuvuma!

— Debe tupu ndiyo redio yako hiyo isiyo na kava, Itifaki akajibu. Kijana, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Taifa likikulea kwa habari njema, unakua vizuri. Ukilishwa mashimo na giza kila jioni, utapata wapi nguvu ya kuamka asubuhi?

— Kwa hiyo giza lisitajwe?

— Litajwe, ila kwa utaratibu. Kwanza shukrani, halafu kamati, halafu giza.

— Wenzetu wa Ng'ambo hawana kamati. Wao ni ukweli mtupu.

Mama Birika akasimamisha birika hewani.

— Na wao wanalipwa na nani?

Antena akajikuna kichwa.

— Na... serikali yao.

— Kumbe na ile ni ya serikali!

— Ya serikali, lakini ya mbali, mama. Ya mbali haina upande.

— Serikali ya mbali ituhurumie sisi na daraja letu, bure? Mwanangu, mimi niko hapa na moto wangu kila siku na sijawahi kugawa kahawa ya bure. Anayenipa cha bure namwangalia mikono.

Tukacheka. Lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha kichovu, kama cha watu wanaoota, na Itifaki akakidandia.

— Niwape siri, akasema, akishusha sauti. Shukrani ikishatoka mdomoni mbele ya kipaza sauti, si yako tena. Inakuwa mali ya umma, kama barabara. Nimekaa ofisini miaka mingi, naijua. Kuna chumba, shukrani zote za nchi zinawekwa humo kwenye makopo, zimeandikwa majina ya wilaya. Pakitokea uhaba, wanafungua kopo.

— Na zile za «lakini» je? nikauliza.

— Hizo hatuna. Zote zinasafirishwa nje.

— Kweli kabisa! Antena akaruka, akasahau kwamba anakubaliana na adui yake. Wale wana mtambo unanusa neno «lakini» kutoka huko waliko. Wewe ukiwa kwenu hapo ukamwambia mkeo, mchuzi mtamu lakini chumvi imezidi, basi mtambo umekupata. Mchuzi unabaki hapa, chumvi inakwenda ng'ambo.

— Mimi nasema Sponji wako wawili, akasema Mama Birika, macho yake bondeni. Mmoja wetu, mmoja anakaa humo hewani.

Hapo ndipo na mimi nikaingia. Nikawaambia kwamba kazi yangu imenifundisha jambo moja: mteja akikatwa nywele huangalia zilizobaki kichwani, haulizi zilizoanguka. Jioni mimi ndiye ninayezifagia, nyeusi, nyeupe, za mtoto na za babu, zote rundo moja. Nikasema lazima na kwenye redio yuko mtu wa kufagia. Anafika watangazaji wakishaondoka, anayakuta maneno yametapakaa chini ya meza, anayakusanya. Nikamwona kabisa mtu huyo, na ufagio wake, ameinama anaokota neno la Sponji na kulipuliza vumbi.

— Kinyozi, akasema Itifaki, kahawa yako punguza.

Sponji akatokea wakati huo, anapanda kutoka bondeni, mikono nyuma. Hakuamkia mtu. Akakaa kwenye mkono wa kochi, ambako hakai kamwe kwa sababu anasema unalegea.

— Karibu, mheshimiwa wa redio mbili! akasema Antena. Tusaidie hapa. Ulishukuru au ulilalamika?

Sponji akapokea kikombe, akakishika bila kunywa.

— Nimepita njia ya majumbani, akasema. Kila dirisha lina redio. Nyumba ya kwanza najisikia nashukuru. Ya pili, najisikia nalalamika. Ya tatu nashukuru tena. Watoto wa pale kwenye bomba wakaniona, wakaanza: «Nashukuru sana!» na wengine wanajibu: «Taa hakuna!» Nikajiona kama mimi siko, ila sauti zangu mbili zinatembea zenyewe na mimi nazifuata nyuma.

— Lakini yote umeyasema, akasema Itifaki, sasa kwa upole.

— Nimeyasema. Daraja ni zuri, nami nimeshukuru kutoka moyoni. Na ukingo haupo upande mmoja, nimesema kutoka moyoni vilevile. Hakuna aliyenizulia neno. Ndiyo maana hata kugombana siwezi.

— Basi tatizo liko wapi?

Akakiweka kikombe chini.

— Katikati.

Akatazama bondeni.

— Kati ya shukrani na ile «lakini» nilisema maneno. Mengi tu. Nilimtaja mke wangu, kwa jina lake na la baba yake.

Wote tulimjua mke wake, aliyefariki kwa homa mwaka juzi. Tusichojua, au tulichokuwa tumesahau kukitazama, ndicho Sponji alichotueleza jioni ile. Cherehani nzito ya kushonea vitambaa vya makochi ilikuwa kwa mama yake mkewe, ng'ambo ya bonde, kwa sababu huko ndiko alikojifunzia kushona. Kwa hiyo yeye Sponji alitengeneza makochi upande huu, na mkewe akayashonea nguo upande ule. Kila wiki mwanamke yule alivuka na mzigo wa vitambaa kichwani, akikanyaga mawe aliyoyapanga mwenyewe mtoni. Maji yakiyachukua anapanga mengine. Mvua ikizidi, analala huko, na huku makochi yanabaki uchi yakimsubiri. Ndiye aliyetangulia kwenda ofisi ya kata kuomba daraja. Akacheka nao, akagombana nao, akarudi, akaenda tena. Walipoleta nondo za kwanza, yeye alikuwa kitandani. Akauliza kama ni nondo nene.

— Hili mlilokalia, akasema Sponji, kitambaa chake hakikumaliziwa.

Mama Birika akainuka kidogo, bila kujua aende wapi, akakaa tena.

— Niliwaambia wale waandishi hayo yote. Yule binti wa Taifa alikuwa anatikisa kichwa, machozi yakimlengalenga. Yule kijana wa Ng'ambo akanishika bega. Nikajua wamesikia. Nikampelekea mama mkwe ujumbe: mama, sikiliza redio, binti yako atatajwa. Amekaa na redio siku zote hizi.

Itifaki akavua kofia, akatazama ndani yake.

— Labda muda haukutosha, akasema mzee. Taarifa ina dakika zake.

— Labda. Lakini ngoma ilipata muda.

— Na ule upepo, akasema Antena, sauti chini. Upepo nao ulipata.

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiisema vibaya redio yake, na Itifaki hakumcheka. Wakakaa hivyo wawili hao, mabega yanagusana, kama watu waliofiwa nyumba moja. Jua lilikuwa limefika pale linapopita chini ya mapaa na kuwapaka watu rangi ya chai. Kisha Sponji akasimama ghafla, akajirekebisha shati.

Mama yake mkewe alikuwa anapanda njia ya bondeni. Alikuwa amevuka daraja peke yake, kanga yake ameifunga vizuri kama mtu aendaye kwenye shughuli, na mkononi ana redio ndogo.

— Shikamoo mama.

— Marahaba baba. Marahaba wanangu. Kaeni, kaeni.

Tukampisha kochi lote. Akakaa katikati yake, akapapasa sponji kwa kiganja, polepole. Mama Birika akamletea kikombe. Kilikuwa cha mwisho, nilimwona akiinamisha birika mpaka tone likakataa.

— Baba, mama mkwe akamwambia Sponji, ujumbe wako ulinifika. Nimesikiliza ya kwetu, mwanzo mpaka mwisho. Nikakusikia unashukuru. Nikasema vizuri, mkwe wangu ana adabu. Nikasikiliza na ya wale wengine. Nikakusikia unasema ukingo hakuna. Nikasema kweli, hata mimi leo nimeambaa upande wa pili. Lakini mwanangu sikumsikia. Nikadhani masikio yangu haya, uzee. Jirani naye akasikiliza, hakumsikia.

— Hukukosea mama, akasema Sponji. Walichukua mwanzo na mwisho. Katikati hawakuichukua.

Mama akalifikiria hilo kidogo. Hakukasirika. Akatutazama sisi, mmoja mmoja, jinsi mtu anavyowatazama wenyeji akiuliza njia, akaiinua ile redio yake ndogo.

— Basi nielekezeni wanangu, nyie mnaozijua. Hiyo ya katikati inasikika redio gani?

Mimi nikatafuta la kusema, nikapata nywele na ufagio tu. Antena akaipokea ile redio kwa mikono miwili. Akauzungusha mshale kutoka ya Taifa kuelekea ya Ng'ambo, taratibu mno, na kabla ya kufika akasimama, mahali ambapo hakuna mtu anayetangaza. Ikatoka sauti ya kukwaruza, nyembamba, kama mchele unaopepetwa nyumba ya jirani. Akaishusha mpaka ikawa haisikiki vizuri, akamrudishia.

Mama akaiweka mapajani.

— Nasikiliza, akasema.

Hakuwa anaiangalia redio, alimwangalia mkwe wake. Sponji akapiga magoti mbele yake, akakohoa kile kikohozi chake, akaanza na jina la mkewe na la baba yake.