Barua Mia Mbili na Sitini za Bi Mwanakuu

Mheshimiwa mwenyekiti wa bodi yetu, Sheikh Hadi, wateja wetu watukufu wa Ndia Kuu na Kilindini, wafanyakazi wenzangu, na nyinyi jamaa wa Bi Mwanakuu mliofika tangu saa nane na hadi sasa mwanusa biriani kwa mbali: Assalamu alaykum, na wenzangu wa kanisani, Bwana asifiwe. Mimi ni Morgan Kitsao, meneja wa ofisi hii ya kutoa mizigo bandarini. Leo twamuaga mpiga chapa wetu mkuu, Bi Mwanakuu, aliyetutumikia miaka thelathini na mmoja.

Mwaka jana, mwaka wa tisini na nane, nilikata shauri kuwaachisha kazi wapiga chapa wote watatu: yeye, Rispah na Kache. Barua moja ya kuwaarifu wateja wote habari za meli zao ilichukua siku tatu kupigwa, na mimi nilikuwa nimeshaona mashine za Nairobi zinazomaliza kwa saa moja. Bi Mwanakuu hakulia wala hakunibembeleza. Aliniomba wiki moja tu, na ile kompyuta iliyokuwa imefunikwa kitambaa pale pembeni.

Je, mwajua aliifanyia nini? Fundi mmoja wa meli ya Brazili, aliyekuwa akingojea karatasi zake hapa ofisini, alimwachia diski yenye lugha ya kompyuta inayoitwa Lua. Mama huyu, aliyezoea taipureta, akaisoma kama mtoto asomavyo msahafu chuoni, herufi baada ya herufi. Akaandika barua nzima, mistari ishirini na miwili, akaitia kati ya mabano ya mraba, mawili mwanzo na mawili mwisho, ikakaa vile vile alivyoipanga. Palipostahili jina la mteja akaandika alama ya dola na neno jina. Palipostahili meli, dola na neno meli. Mara ya kwanza zikatoka barua zote zimeandikwa "Mpendwa $jina", maana Lua haigusi kilichomo ndani ya mabano yale. Nilicheka sana, nakiri. Yeye akarudi kitini, akaiagiza mashine ipite kwenye barua, na kila ikutapo alama ya dola itie jina au meli ya mteja anayeandikiwa kutoka kwenye orodha. Siku ya Ijumaa barua mia mbili na sitini zilitoka kabla ya adhana ya adhuhuri. Nani kati yetu, na digrii zetu, angeyafanya hayo?

Lakini aliniomba jambo moja. Alisema barua zisitumwe mpaka Jumatatu, Rispah na Kache wazisome kwanza. Mimi kwa pupa yangu nikazipeleka posta Jumamosi asubuhi.

Sasa, ofisi hii ina desturi yake. Mteja akifariki, jina lake halifutwi katika faili mpaka wanawe wapatane nani atashika biashara. Wapiga chapa waijua desturi hiyo kwa moyo, nao huandika "kwa wana wa marhum". Kompyuta haikuijua. Ikamwandikia marhum Kamaludin, mfanyabiashara wa Ndia Kuu, kwamba twatumai yu buheri wa afya.

Mjane wake, Bi Jawahir, akaja na barua mkononi. Hakupaza sauti. Alisema, "Mume wangu ana miezi mitatu kaburini. Ni nani hapa asiyejua?"

Nami nikanyoosha kidole kwenye meza ya Bi Mwanakuu.

Jioni ile Bi Mwanakuu akavaa buibui lake, akaenda Mji wa Kale kuomba radhi nyumbani kwa marhum. Kesho yake akaongeza neno jipya ndani ya ile barua: dola na neno salamu. Akawaketisha Rispah na Kache wiki nzima, wakamtungia kila mteja salamu zake, nani amefiwa, nani amejaliwa mtoto, nani amerudi hija. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba mashine yajaza nafasi, lakini wajuao cha kujaza ni wao. Sikumwachisha kazi hata mmoja. Leo wateja waja kutoka ofisi nyingine kwa sababu ya barua zetu, na kuanzia Jumatatu Rispah ndiye mpiga chapa mkuu. Naona fahari kuisimamia ofisi yenye watu hawa.

Bi Jawahir, nakuona safu ya mbele, na nakushukuru kwa kuja. Mwaka mzima umeamini kwamba kosa lile lilikuwa la Bi Mwanakuu, naye hakukwambia vingine. Aliyezituma barua kabla hazijasomwa ni mimi. Alikuja kukuomba radhi kwa kosa langu, na mimi nikamwacha aende peke yake.

Bi Mwanakuu, mbele ya watu hawa wote, niwie radhi.

Ahsanteni kwa subira yenu, na kwa kunisikiliza.