Mshale Usipite Arobaini

Watu wa Nkubu hulima kahawa tangu utotoni na kunywa chai mpaka kaburini. Kahawa yenyewe utaipata mahali pamoja tu, kwenye benchi la mbao nje ya gereji ya Gitobu, pale barabara inapoanza kuteremka kwenda Embu. Marcella huichemsha na tangawizi, na ole wako umuulize kama kuna chai. Wanaokaa hapo ni walewale. Kuna Njuki, mfugaji aliyetoka Runyenjes akaja kuoa huku, anayeitwa Hansadi, jina la kumbukumbu za bunge, kwa sababu hakumbuki alipoweka miwani lakini anakumbuka kila neno la mtu, hasa lile ambalo mwenyewe angependa lisahauliwe. Kuna Mutugi wa boda boda, aitwaye Roketi. Na kuna Mzee Kaimenyi, bwana mifugo mstaafu, aitwaye Arobaini. Asubuhi hiyo alikuwa ameshika kikombe bila kukinywa, kwa maana pikipiki yake ilikuwa mbele ya benchi, taa imetolewa, waya zinaning'inia, na Gitobu ameishika na spana.

— Polepole, Gitobu. Hiyo geji haijatolewa tangu nioe.

— Mzee, geji na ndoa zinahusiana wapi?

— Hii inahusiana.

Na ni kweli, ilihusiana. Pikipiki ilikuwa ya Mwingereza, nzee kuliko Gitobu mwenyewe. Kaimenyi aliinunua akiwa kijana, kihesabu umbali chake kikiwa kimeshakufa, ila mshale wa spidi ulifanya kazi vizuri. Halafu akampenda Karwirwa. Bahati mbaya, kaka yake Karwirwa, marehemu Ndambiri, alikuwa amefia kwenye pikipiki mwaka uliotangulia, na nyumba nzima haikutaka kusikia ngurumo ya kitu hicho. Baba mkwe akatoka nje siku ya posa, wazee wakiwa wamesimama, akaweka kidole juu ya kioo cha geji. Akasema binti utampata, lakini mshale usipite hapa. Kidole kilikuwa kwenye arobaini. Kaimenyi akaapa mbele ya Karwirwa, na Mungu ni shahidi, mshale haukupita.

Haukupita akipeleka mbegu za fahali Kiambere. Haukupita mvua ikimfukuza. Alijivunia jambo hilo mpaka likawa jina lake, na vijana wa boda boda walikuwa wakimwona tu wanajua mahubiri yamefika.

— Arobaini inatosha, huwaambia. Mimi nimezeeka kwa arobaini. Nyinyi mnakimbilia nini?

Sasa mshale ulikuwa umeanza kutetemeka, kioo kimeingia ukungu, na Gitobu alikuwa amemtafutia geji nyingine kwa watu wa vyuma vikuukuu kule Embu. Akaifunga, akaunganisha kebo, akapangusa mikono.

— Haya Mzee, ijaribu.

Kaimenyi aliondoka kuelekea daraja la chini. Hakuhitaji geji kujua arobaini yake. Aliijua kwa mlio wa injini na kwa jinsi upepo unavyoshika kola ya koti. Aliporudi alikuwa amekunja uso.

— Toa hii takataka! Inasema zaidi ya sitini!

— Na wewe ulikuwa ngapi?

— Arobaini, si unajua! Ile yangu ya kila siku.

Hansadi akacheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye goti.

— Gitobu, umeuziwa geji ya ndege.

— Geji ni nzima, Gitobu akasema, kidogo ameudhika. Niliijaribu jana na pikipiki yangu. Roketi, hebu mfuate Mzee na yako. Muende sambamba, tuone nani mwongo.

Wakaenda. Wakarudi. Mutugi alishuka akiwa amevua kofia yake ya chuma na kuishika kifuani, vile watu hushika kofia kanisani.

— Yangu pia inasema sitini na nne.

— Basi zimeharibika zote mbili, Kaimenyi akasema.

— Mzee, mimi kwenye ile kona ya daraja huingia na thelathini. Na ninaitwa Roketi! Wewe umeingia na sitini na nne, mkono mmoja, ukiniashiria nisipite upande wa kushoto!

Gitobu akaichukua geji ya zamani kwenye kisanduku. Kuizunguka kulikuwa na mpira mweusi ambao Kaimenyi mwenyewe aliukata kwenye tyubu, siku za ujana wake, ili mvua isiingie. Gitobu akauchomoa kwa bisibisi, akachovya kitambaa kwenye petroli, akasugua. Chini kabisa, mahali palipokuwa pamefunikwa na mpira, zikatokea herufi ndogo nyeupe. Alizisoma mara mbili.

— Mzee. Hii geji inahesabu maili.

— Maili?

— Maili. Arobaini yako ni ya maili. Kwa kilomita ni sitini na nne.

Kaimenyi akakaa kwenye benchi. Wengine hawakumwona, walikuwa wanaiangalia ile pikipiki kana kwamba imesema neno.

— Mwathani, Bwana wangu! Hansadi akanong'ona. Sasa naelewa ile siku ya Nyange.

— Nyange ni nani? Mutugi akauliza.

— Ng'ombe wangu. Ameshikwa na joto asubuhi, anataka dume, na joto la ng'ombe halingoji mtu. Simu hazikuwepo. Nikamtuma shemeji kwa baiskeli amwite bwana mifugo. Shemeji hajarudi, Kaimenyi ameshafika, amempandisha Nyange, amenawa mikono, amekunywa chai, ameondoka! Shemeji anafika anahema ananiambia, huyo mtu anakuja. Tukapiga magoti, Roketi. Tulisema ni maombi.

— Na barabara ilikuwa udongo mtupu, Gitobu akasema.

— Udongo mtupu! Na mawe! Kumbe tulikuwa tunaishi na mtu wa namna gani hapa?

— Noma, Mutugi akasema. Haki ya Mungu, Mzee, nakuheshimu upya.

Lakini Kaimenyi alikuwa ameinamisha kichwa.

— Nilimwapia, akasema. Nilimwapia Karwirwa. Mnajua yule mama gari likifika hamsini hufunga macho na kutoa rozari. Tangu kaka yake afe. Na mimi nimembeba nyuma maisha yake yote, namwambia tulia, niko kwa arobaini. Nimemdanganya maisha yake yote.

Hapo wakaona kwamba jambo lenyewe lilikuwa zito, na kwa kuwa lilikuwa zito, kila mtu akalijia na nadharia yake.

— Hukudanganya, Gitobu akaanza. Baba mkwe wako aliweka kidole kwenye alama. Mshale ulipita kidole? Haukupita. Kiapo kizima.

— Kosa ni la Mwingereza, Hansadi akasema. Yeye ndiye aliyetengeneza kilomita ndefu akaiita maili. Kiapo kilikuwa cha Kimeru, hicho Kiingereza kilichojificha chini ya mpira hakikuapishwa. Tena sikilizeni. Huyu na mimi tumezaliwa mwaka mmoja. Mimi niangalieni, meno yamekwenda wapi? Yeye anayo yote. Kama kila siku alikuwa anafika mapema kuliko alivyofikiria, ule muda uliobaki uliwekwa wapi? Uko mwilini mwake!

— Hiyo si kitu, Mutugi akasema, macho yamemtoka. Fikirieni mbegu. Mbegu ya fahali inabebwa sitini na nne, kona zote hizi, mpaka Kiambere. Si inazoea? Kwani mnadhani ni kwa nini ng'ombe wa huku hawakai zizini? Wa kwetu anaruka ua kama swara! Ni spidi iliingia kwenye damu!

Hansadi alitaka kupinga, akakumbuka ng'ombe wake, akakubali kwa kichwa.

— Mzee, Gitobu akasema kwa sauti ya chini, naweza kuirudishia mpira wake. Nairudisha mahali pake. Mama hatajua.

— Sijawahi kulala na neno moyoni karibu na yule mama. Sitaanza leo.

— Basi anza kufikiria utasema nini, Marcella akasema akimimina kahawa ya mwisho, kwa sababu huyo anakuja.

Na kweli alikuwa anakuja. Karwirwa alitoka sokoni Gakoromone, lakini hakushukia steji kama watu wengine. Alikuwa anatembea kando ya barabara, kikapu kichwani, rozari imezungushwa kwenye vidole, na hasira yake ilisikika kabla hajafika.

— Nimemwambia anishushe! Nimemwambia nishushe hapahapa nitembee! Kijana anaendesha gari sitini, sitini Baba Kendi, na watu wamenyamaza! Angalia magoti yangu. Angalia, bado yanatetemeka!

Hakuna aliyeyaangalia. Wote walikuwa wanaangalia kahawa yao.

— Kuna nini? Nani amekufa?

Kaimenyi akasimama.

— Mama Kendi, ile arobaini niliyokuapia haikuwa arobaini. Geji ilikuwa ya maili. Mimi mwenyewe ndiye niliyefunika herufi na mpira, sikujua. Tulikuwa tunaenda sitini na nne. Tangu tuoane. Nisamehe.

Karwirwa akatua kikapu. Akamwangalia mumewe, akaiangalia pikipiki, akamgeukia Mutugi.

— Wewe kijana unajua mambo ya spidi. Ni kweli?

— Ni kweli, Mama. Nimemfuata mwenyewe.

— Sitini na nne?

— Na nne.

— Hata ule mteremko wa Nithi unaoua watu?

— Pale labda mshale ulikuwa chini kidogo, Kaimenyi akasema, na kwa vile alikuwa ameanza kusema kweli akaimaliza. Si sana.

Karwirwa akakaa kwenye benchi, pale mumewe alipokuwa ameketi. Hasira ilimtoka usoni polepole, na kilichobaki kilikuwa ni mshangao wa mtu anayeonyeshwa nyumba yake mwenyewe kutoka juu ya mlima.

— Nilikuwa nimebeba mtoto mgongoni, akasema. Kendi akiwa na wiki mbili, tukienda kumbatiza. Nilikuwa nimeegemea koti lako hapa, hapa begani. Na nilikuwa nalala, Baba Kendi. Si nilikuwa nalala?

— Ulikuwa unalala. Nilikuwa nakuita usianguke.

— Mimi. Nililala. Kwa sitini na nne.

Akawatazama wote mmoja mmoja, fundi, Roketi, Hansadi anayekumbuka kila neno la kila mtu, na mwisho mumewe.

— Sasa mbona mimi sikuwahi kuogopa?

Gitobu akaanza kupangusa spana ambayo ilikuwa safi. Karwirwa akainuka, akakifunga kikapu chake nyuma ya ile pikipiki.