Zamu ya Kufungua

Nsengiyumva alifika kijiweni akiwa amechana nywele, kana kwamba jibu la mwanamke huja kwa miguu. Kijiwe chenyewe ni ubao mrefu mbele ya kibanda cha Muhire, fundi simu, katika barabara inayoteremka Grande Barrière, kizuizi cha mpaka wa Goma, na chupa ya kahawa hukaa chini ya ubao, kila mtu ajimiminie. Ndani ya kibanda, juu ya kabati, kuna kompyuta ndogo isiyozimwa. Hiyo ndiyo seva ya Barza, mtandao wao wenyewe, wanakoandikiana habari za mtaa na kupokea za watu wa seva nyingine. Seva ya jirani ni ya Goma, inaitwa Ng'ambo, na huko ndiko aliko Diane. Nsengiyumva alimwomba Diane waoane, naye akamjibu kwa kicheko palepale mpakani: "Jibu nitaandika kwa mtandao, watu wote waone, usije ukakana." Tangu hapo, kimya. Kumpigia simu hakutaka. Mwanamume akishauliza, hangoji mlangoni akibisha tena. Ndivyo alivyolelewa, na malezi hayo sasa yalikuwa yanamkausha moyo.

— Douane, haijafika tu?

Aliyeuliza ni Gentil, dereva wa moto, pikipiki ya abiria. Nsengiyumva wamembandika jina la Douane kwa sababu hupekua kila jambo kama mtu wa forodha. Gentil mwenyewe ni Profesa, kwani hajawahi kukosa sababu ya kitu chochote chini ya jua. Kando ya moto yake alisimama abiria wa kwenda Nyamyumba, mwanamke mgeni, kofia ya kupandia mkononi, akingoja Profesa amalize kikombe.

— Haijafika.

— Bon, basi ni chujio. Muhire alifundisha ile mashine kukula matusi, si ndiyo? Sasa watu wa Ng'ambo wamekuwa wapole. Mashine iko na njaa! Itakula nini? Inakula salamu!

Muhire hakuinua macho kwenye simu aliyokuwa akiifungua.

— Chujio inashika maneno tuliyoipa tu, sha. Kuitana nyoka, kuitana mwizi. "Ndiyo" haiko ndani.

— Na "hapana"? akauliza Nsengiyumva. Sauti ilimtoka ndogo kuliko alivyotaka.

— Nayo haiko.

Rutayisire akakohoa. Huyu ndiye Bongo, alirudi kutoka Tanzania na Kiswahili kilichonyooka na methali zilizopinda.

— Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndiyo maana mimi nilitaka tuifunge Ng'ambo yote. Wageni wabaki kwao, mwenyeji apone.

— Mzee, ile methali haina maana hiyo, Muhire akasema.

— Methali ni ya mwenye kuisema.

Ugomvi huo ulikuwa wa zamani. Matusi yalipozidi kutoka ng'ambo, Bongo alitaka mlango ufungwe kabisa, Profesa akataka wenye matusi tu wanyamazishwe, na kahawa ikapoa wakibishana. Nsengiyumva ndiye aliyewapatanisha. Tufanye kama barrière, alisema: kila ujumbe wa kutoka Ng'ambo usimame kwanza, mmoja wetu ausome, kisha aupitishe. Wakampigia makofi. Muhire akaipanga seva hivyo, akawapa wote wanne ufunguo, lisije likatokea neno la upendeleo. Matusi yakakoma siku hiyo hiyo, nao wakajisifu sana; hata abiria wa Profesa alikuwa ameshasimuliwa.

— Mi nawaambia ni hili ziwa letu, Profesa akaendelea. Iko gaz mule chini. Message inapita juu ya maji, gaz inaipanda kichwani, inasahau fasi ilikuwa inaenda.

— Ayi we! Muhire akacheka.

— Au ameolewa, Bongo akasema. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Maana yake, mahari imeshalipwa.

Nsengiyumva hakucheka. Alikuwa akiikumbuka sauti ya Diane inayomwita jina lake lote, Nsengiyumva, bila kuliruka hata kidogo, wakati dunia nzima inamwita Douane. Alikuwa na hamu ya sauti hiyo, na kahawa ikampoa mkononi.

Yule mwanamke akasogea.

— Samahani, wakubwa. Jina langu ni Umurerwa. Hizo message zinasimama zikingoja mutu azipitishe, zamu ya kuzipitisha ni ya nani?

Muhire akaweka chini simu aliyokuwa akiifungua.

— Ni Bongo, Profesa akasema. Yeye iko na nafasi.

— Mimi? Nilijua ni Muhire, kompyuta ni yake.

— Mi natengeneza tu! Nilijua ni Douane, wazo lilikuwa lake.

Nsengiyumva alikuwa hajaugusa ufunguo ule hata mara moja. Aliogopa wasije wakasema anajitafutia barua yake.

Muhire akafuta mikono, akaingia ndani, akatoka na skrini. Foleni ilikuwa ndefu. Mtu alikuwa anauza mbuzi. Kulikuwa na mwaliko wa arusi iliyokwisha kufanyika, na msiba ambao hakuna aliyekwenda kulia. "Watu wa Barza, mumetununia?" Kisha Diane.

"Nsengiyumva, ndiyo. Watu wote mushuhudie: ndiyo."

Chini yake: "Nsengiyumva, umeona?"

Chini yake: "Mama anauliza kama nilikuota tu."

Na ya mwisho, ya leo: "Niko huku kwetu, pa barrière, tangu asubuhi. Wakifunga bila wewe kuja, sitaandika tena."

— Yampayinka! akashangaa Profesa.

Bongo alifungua kinywa, akatafuta methali, akakosa.

Nsengiyumva alikuwa amesimama, kikombe kimemwagika kwenye viatu. Umurerwa akamvalisha ile kofia mwenyewe, akamfungia kamba kidevuni.

— Panda, kaka. Nyamyumba haihami.

Akapanda. Jua lilikuwa limeshainama upande wa ziwa, na siku hizi saa za mpaka hubadilika bila mtu kuambiwa.

— Profesa, leo wanafunga saa ngapi?

Profesa akamtazama Bongo, Bongo akamtazama Muhire. Kisha Profesa akawasha moto yake.