Mawingu ya Jumanne

Benchi la kijiweni ni ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali, kati ya kibanda cha kinyozi na karakana ya kuchomelea vyuma. Mvua imeutafuna upande mmoja, kwa hiyo anayechelewa ndiye hukaa panapoyumba. Alhamisi hiyo jioni aliyechelewa alikuwa Mpimaji, mstaafu wa kazi ya kupima viwanja, na alikaa bila kulalamika, daftari mapajani. Wote walilijua daftari lile. Marehemu mkewe, mwalimu wa hesabu, alikuwa akifuatilia kwa darubini nyota moja nyekundu inayofifia polepole na kurudi kung'aa, mzunguko mmoja miezi kumi na moja. Yeye alitazama na kutaja mwanga wake kwa namba; mumewe, kando yake, aliandika. Mara kumi na moja waliinasa ilipofika chini kabisa. Sasa mama hayupo, miezi minane, na nyota ilikuwa inafika chini kwa mara ya kumi na mbili. Jumapili ikipita itaanza kupanda, na kazi ya mama itabaki na pengo ambalo halizibiki.

Muuza kahawa alimjazia kikombe, akamuuliza vipi jana.

— Mawingu. Usiku wa ishirini na sita mfululizo.

Kinyozi, ambaye hakuwa na mteja na hakutaka ionekane hivyo, alikuwa akisugua mashine yake kwa mswaki wa zamani. Alisema kosa ni mabati. Zamani watu waliezeka nyasi. Siku hizi mtaa mzima ni bati, joto linapanda, likifika juu linageuka wingu.

— Tunaichemsha anga kama sufuria. Wahenga walishasema, dalili ya mvua ni mabati.

Mpimaji alijibu kwamba mabati yako pale miaka thelathini, na mkewe aliona nyota miaka yote hiyo.

Fundi Cheche wa karakana alisukuma miwani yake myeusi juu ya paji la uso. Kwake mkosaji alikuwa kioo cha darubini. Glasi ya maji baridi hutoka jasho, sivyo? Basi kioo kipana kama sahani, kimeelekezwa juu kila usiku, kitafanya nini?

— Anga inatoka jasho, mzee wangu. Wewe ndiye unailowesha.

— Kina kifuniko.

— Kifuniko si kitu, mawingu yanajua kilichomo. Mficha uchi hazai.

Kinyozi alimwambia methali hiyo haiingii hapo. Cheche akasema methali ni kama spana: ikikataa nati hii, unaijaribu kwenye nyingine.

Dobi, ambaye kamba zake zilikuwa ng'ambo ya barabara, alikuwa akikunja nguo huku sikio liko kijiweni. Yeye hakuwa na nadharia, alikuwa na ushahidi. Redio ilikuwa imemdanganya mara nyingi kuhusu mvua, lakini huyu mzee hajamdanganya hata siku moja: akitoa tu kile kimguu cha darubini uani, yeye anaanua.

— Shemeji, mimi nakuomba kitu kimoja. Ukitaka kutazama, nitumie ujumbe tangu mchana. Mashuka ya watu yananuka beberu.

Cheche akaona biashara. Wampakie mzee na darubini yake kwenye pikapiki, wampeleke kwa wakulima ambao mahindi yao yanakauka, afungue kifuniko, wao wangoje chini ya mwavuli. Kinyozi naye alikuwa ameshayaacha mabati. Kuna kitu kinatengenezwa huko juu, alisema, na wenye kazi wametandika turubai, kama yeye anavyoshusha pazia akimnyoa mtu mzito.

Mpimaji aliweka kikombe chini. Kwa miezi minane watu hawa walikuwa wakimchekesha ili asinyamaze, alilijua hilo, na bado alichoka.

— Hakuna aliyetandika turubai. Ardhi imelowa, jua linaipasha, mvuke unapanda, jioni unakuwa wingu. Ardhi ikipoa, mawingu mengi hulegea yenyewe. Mara nyingine saa tatu usiku pako wazi.

— Mbona basi hayalegei?

— Mwaka huu yamekataa.

Akafungua daftari wajionee. Tarehe, saa, mawingu. Tarehe, saa, mawingu. Mwandiko wa mtu aliyelipwa miaka arobaini asikosee hata kwa upana wa kidole. Cheche alishusha macho. Dobi alisema pole, shemeji.

Kulikuwa na binti amesimama karibu na dobi, akisubiri aproni zake. Alikuwa ameanza kazi mwezi huo, zamu ya usiku, kwenye tanuri la mikate mwisho wa barabara. Alisogea, akalitazama lile daftari.

— Shikamoo baba.

— Marahaba, mwanangu.

— Samahani, nimewasikia. Sisi joto la tanuri likitushinda tunatoka uani kupunga upepo. Jumanne tulitoka mara tatu, na mara zote anga ilikuwa safi, hata kipande cha wingu hakuna. — Alinyoosha kidole kwenye mstari wa siku hiyo, bila kuugusa. — Jumanne ulikuwa umesafiri?

Kinyozi alisogea kuutazama mstari huo.

Jumanne Mpimaji alikuwa ametoa darubini, akaondoa kifuniko. Juu palikuwa kama ua uliofagiliwa. Kwa mazoea alitoa viti viwili, cha mkewe mbele ya lenzi, chake kando. Alisimama nyuma ya kile cha mbele mpaka miguu ikapata baridi. Kutazama kulitaka akikalie. Akarudisha vyote ndani, na kwenye taa ya jikoni akaandika lile neno.

— Sikusafiri, mwanangu. Nilikuwepo.

Mpimaji akachomoa kalamu mfukoni, akapiga mstari mmoja ulionyooka juu ya neno mawingu, na mbele ya macho ya wote akaandika: *Anga safi. Mtazamaji hakukaa.*