Mwalimu Mwinyijuma na Samaki Wenye Haya

Leo, tarehe 30 Juni 1984, Ndugu Mwinyijuma Mashaka anastaafu baada ya kukitumikia kituo chetu cha mafunzo ya wakulima, hapa Kibaha, kwa miaka kumi na minane na mwezi mmoja. Huo mwezi mmoja aliufagia kabla hajaajiriwa. Alikuta ufagio umeegemezwa ukutani, akauchukua, na hakuna aliyemkataza.

Alizaliwa Vihingo, Kisarawe, akasoma hadi darasa la nne, akalima mihogo mpaka akachoshwa nayo. Hapa alifagia kwa miaka mitano, na kwa kweli alifagia vibaya. Sisi wa stoo tulikuwa tunarudia.

Bahati yake ilikuja mwaka 1971, alipofika mtaalamu mmoja mrefu kutoka nchi za baridi, na fimbo ishirini za kuvulia samaki. Msidhani ni ndoana na mnyoo. Ndoana hii hufungwa manyoya ifanane na nzi, halafu hurushwa. Unapeleka fimbo nyuma, unangoja uzi ujinyooshe hewani, ndipo unaileta mbele, na yule nzi anatua juu ya maji kama aliyejiendea kwa shughuli zake. Mtaalamu alisema wanakijiji wa ujamaa wakijua kazi hii, bwawa letu litawapa kitoweo cha kudumu. Mwinyijuma alipewa kazi ya kumshikia koti.

Baada ya miezi minane joto likamshinda yule bwana, akarudi kwao. Uongozi ukauliza ni nani mwenye ujuzi wa fimbo zile. Tukatazamana, kisha wote tukamtazama mtu aliyeshika koti. Hivyo ndivyo alivyopata ualimu. Koti lenyewe lilisahaulika, na ndilo alilolivaa leo. Tunaomba wageni mumwonee huruma kwa jasho.

Kufundisha hakukujua. Alijua kupiga filimbi, maana alipitia mgambo, basi siku ya kwanza akawapanga wanafunzi ishirini uwanja wa mpira, kwenye nyasi, kama kitabu cha mtaalamu kilivyotaka kwa wanaoanza, akapuliza. Fimbo ishirini zilirudi nyuma kwa mpigo mmoja. Kofia ya Ndugu Isihaka, katibu wa kijiji, aliyekuwa anapita zake kwenda msikitini, iliondoka kichwani na kuelea juu ya watu kama mwewe. Isihaka alimwambia, "Mwinyijuma, hao samaki wako wanakaa kichwani kwangu?" Tangu siku hiyo kila mwanafunzi alisimama peke yake, na filimbi ikarudi stoo.

Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, kwa hiyo alisoma picha. Picha moja ilionyesha mtu amesimama ndani ya duara la saa, na fimbo yake inatembea kati ya namba 10 na namba 1 tu, basi. Mwinyijuma akaisoma kama mtu yeyote mwenye akili timamu wa Pwani: saa nne na saa saba. Tatizo, darasa zima halikuwa na saa hata ya kuazima. Watu walijua wakati kwa jua. Akawaelekeza wote mashariki, akasema mbele fimbo isimame pale jua linapokuwa saa nne, na nyuma isimame pale linapokuwa saa saba, isiteremke zaidi. Msiniulize kwa nini ilifaa. Mtaalamu alihangaika miezi minane na uzi ukiangukia majanini. Mwinyijuma aliwanyooshea uzi kwa wiki moja.

Isipokuwa Biasha binti Mfaume. Huyu mkono wake haukusimama saa saba kabisa, uliteremka hadi magharibi karibu inaingia, na ndoana ikanasa majani kila mara. Alipokemewa alijibu, "Mwalimu, mimi nimefuata kitoweo. Sikuja hapa kuchapa hewa." Na alikuwa na haki yake, maana kwenye bwawa lenyewe mambo yalikuwa mabaya. Samaki walikuja, wakamtazama nzi, wakaondoka. Mwaka wa nne ulifika na hakuna aliyevua hata kambare mgonjwa.

Mwaka 1975 ikaja barua. Mkaguzi anakuja, na asipoona kwa macho yake mwanafunzi akivua samaki, somo linafutwa, bwawa linapewa wafyatua matofali, na Ndugu Mwinyijuma anarudi kwenye ufagio. Wengine tulicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa ameshawaambia wakwe zake kule Chole kwamba ni mwalimu, na mama mkwe, Bi Mwanahalima, ambaye kwa miaka tisa alimwita "yule", alikuwa ameanza kumwita Mwalimu mbele za watu. Mtu akishaonja hilo, ufagio unakuwa mzito.

Siku ilipofika, kamati ya mapokezi ilifunga turubai na kupanga viti ukingo wa magharibi wa bwawa, kwa kuwa ni pakavu na pana kivuli. Ndipo tulipobaini kwamba hapo ndipo wanafunzi husimama, wakilitazama jua na maji mbele yao. Viti havikuhamishika, tayari vimekaliwa. Wanafunzi wakapelekwa ukingo wa mashariki, na huko wakakwama. Wakitazama maji, jua la saa nne liko kisogoni, na hakuna aliyejua fimbo iende wapi. Mmoja alianza kulia.

Mwinyijuma alisimama kidogo na koti lake. Kisha akawaamuru wageuke. Wakageuka wote ishirini, wakalitazama jua, wakampa mgeni rasmi na bwawa migongo, wakaanza kurusha nzi kwenye mihogo ya kijiji.

Mkaguzi, Ndugu Laurean, mtu mpole wa miwani, aliuliza mbona watu wanavua wakiwa wamelipa bwawa kisogo. Mwinyijuma akajibu bila kupepesa, "Ndugu Mkaguzi, samaki wa huku wana haya. Ukimtazama hali. Ni kama mkwe mgeni." Ndugu Laurean akaandika.

Hajamaliza kuandika, mkono wa Biasha ukateremka nyuma kama kawaida yake, ukapita saa saba, ukapita saa tisa, na nzi akatua majini nyuma ya mgongo wake. Safari hii hapakuwa na majani. Alipoleta fimbo mbele, perege mkubwa kama kandambili alipaa juu ya kichwa chake na kuangukia mihogoni. Biasha alisema tu, "Nilisema mimi." Ndani ya saa moja, wanafunzi wote walikuwa wameamriwa wakosee kama Biasha, na wakapatikana samaki saba.

Somo halikufutwa. Kwa miaka tisa iliyofuata Mwalimu alifundisha kuvua kwa mgongo, na vijiji viwili vimekula. Yeye mwenyewe hajawahi kuvua samaki hata mmoja. Anasema mwalimu hashindani na wanafunzi. Kuanzia kesho darasa linachukuliwa na Biasha, aliyekuwa wa mwisho.

Barua ya kustaafu kutoka makao makuu imefika juzi, na imeandikwa "Mfagizi". Jalada lake halikubadilishwa hata siku moja. Aliisoma, akaikunja, akaitia mfukoni mwa koti. Kwa hiyo kwenye ratiba hii ya sherehe tumeandika sisi wenyewe, na kwa wino: Mwalimu. Nakala moja imeshatangulia Chole kwa Bi Mwanahalima.

Ahsante, Mwalimu, kwa miaka yote. Uwe na afya huko Vihingo, ulale ushibe, na mihogo ikuonee haya. Alasiri utakapopita getini, sisi na wanafunzi wako tutasimama mstari mmoja tukiwa tumekupa migongo. Wageni wasidhani ni utovu wa adabu. Leo wenye haya ni sisi, na hatutaki ututazame usoni.